Kutoka Ulimi hadi Lugha: Uhakiki wa Maneno Apewayo Mzazi wa Makongeni

Utangulizi

Mzazi aambiwapo kwamba mwanawe ana tatizo la lugha, jambo la kwanza analopokea si tiba wala shauri, bali ni neno. Neno hilo ndilo atakalorudi nalo nyumbani. Ndilo atakalomwambia mwenzi wake, mama mkwe, mwalimu na jirani. Na kwa neno hilo huenda mtoto akajulikana miaka mingi. Wanaisimu wa Kiswahili wamejadili kwa kirefu istilahi za sayansi, za siasa na za isimu yenyewe. Maneno ambayo kwayo mzazi hupashwa habari za usemi wa mwanawe hayajapewa uzito kama huo, ingawa athari zake huonekana mapema zaidi, tena katika nyumba za watu.

Makala haya yanakusudia kuyahakiki maneno hayo. Dai lake ni moja: kwamba Kiswahili cha kila siku huliweka tatizo la lugha katika ulimi, na kwamba kosa hilo, ambalo kwa juu ni la msamiati tu, huzaa makosa ya matendo yanayomgharimu mtoto. Mzazi hawezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa wenye jukumu la kumpa neno lililo bora hawajampa.

Yafaa kwanza kueleza hali yenyewe. Hapa haizungumzwi habari ya uziwi, wala ya kigugumizi, wala ya mtoto aliyepungukiwa sana na akili. Anayezungumzwa ni mtoto anayesikia, mwenye kucheza na wenzake na kufahamu mambo mengi ya dunia yake, lakini ambaye lugha humwia vigumu kuielewa, kuipanga au kuitumia, na ugumu huo ukaendelea hata miaka ya shule. Wataalamu wa nchi zinazosema Kiingereza hawakuafikiana juu ya jina la hali hiyo hadi mwaka 2017, baada ya miongo ya majina yaliyopingana. Uchunguzi mmoja mashuhuri uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1997, ulikadiria kuwa inawapata watoto wapatao 7.4 katika kila watoto 100 wa shule ya chekechea. Kadirio hilo ni la watoto wanaosema Kiingereza, na si halali kulihamisha jinsi lilivyo. Lakini latosha kuonyesha kwamba jambo lenyewe si la nadra. Ikiwa watoto wa Makongeni wenye hali hiyo hawaonekani, sababu moja ni kwamba hakuna neno la kuwaonyesha.

Mtaa na Lugha Zake

Makongeni ni mtaa wa mji wa Thika, upande wa barabara iendayo Garissa. Jina lenyewe lakumbusha makonge, zao lililowahi kutawala mashamba ya nchi hiyo. Thika ni mji wa viwanda, na viwanda havichagui kabila la mikono inayoviendesha. Waliokuja kutafuta kazi walitoka Murang'a na Ukambani, Nyanza na nchi za Waluhya. Basi katika ploti moja ya vyumba vya kupanga, mtoto aweza kusikia Kikuyu kwa nyanya yake, Kikamba kwa baba yake, Kiswahili uani, Sheng njiani na Kiingereza shuleni. Sera ya elimu, tangu Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, imependekeza kwamba mtoto afundishwe mwanzoni kwa lugha ya eneo lake, na katika miji iliyochanganyika lugha hiyo ikawa Kiswahili. Hata hivyo, shule nyingi za mitaa hiyo hukimbilia Kiingereza kabla mtoto hajaketi vizuri.

Lakini Thika si mahali palipowasahau watoto wenye ulemavu. Shule ya Wasioona ya Thika ilianzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka 1946, na katika mji huohuo ikafuata Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Serikali nayo ilianza vituo vya kupimia watoto wenye mahitaji maalum mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya ikaundwa mwaka 1986. Mtoto asiyeona ana jina, ana shule, na mtaa wamtambua. Mtoto asiyeweza kuipanga lugha hana hata kimoja cha hivyo. Fimbo nyeupe huonekana, gongo huonekana. Sentensi iliyovunjika husikika kisha ikapotea hewani. Waliopata mafunzo ya kuisikia ni wachache: katika Afrika ya Mashariki, shahada ya tiba ya usemi na lugha ilianza kufundishwa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 2008 tu.

Msamiati wa Ulimi

Maneno ambayo Kiswahili kimemwekea mtu asiyesema kama wengine yajulikana: bubu, kigugumizi, kithembe, ulimi mzito. Yote hayo hueleza kinachotoka kinywani. Bubu hakitoi kitu. Mwenye kigugumizi hukitoa kwa kukwama. Mwenye kithembe hukitoa kikiwa kimegeuka. Mwenye ulimi mzito hukitoa kwa shida. Hakuna neno la kila siku lielezalo kinachoingia masikioni kisipate mahali pa kukaa, au kilichomo moyoni kisipate mpango wa kutokea.

Hekima ya methali imeitilia nguvu picha hiyo. Ulimi hauna mfupa. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika methali hizo ulimi umesimama badala ya usemi wote, kama jembe lisimamavyo badala ya kilimo. Kama tamathali, matumizi hayo hayana dosari. Dosari huja pale tamathali ichukuliwapo kuwa maelezo ya mwili. Mzazi aliyerithi lugha inayosema kwamba shida iko ulimini huenda kuutafuta ulimi. Ndiyo maana shauri la kwanza ambalo wazazi wengi hupewa na wazee au majirani ni kwamba mtoto akatwe ukano ulio chini ya ulimi, ili "afunguke". Ni kweli kwamba ukano uliobana mno huweza kumsumbua mtoto mchanga katika kunyonya, na baadaye katika kutamka sauti fulani. Lakini hauwezi kumzuia kuelewa maneno, wala kumfanya ashindwe kupanga matukio ya hadithi. Mtoto hukatwa, kidonda hupona, na mzazi hukaa kusubiri maneno ambayo kisu hakikuwa na uwezo wa kuyaleta. Miezi inayopotea katika kusubiri huko ndiyo gharama ya kwanza ya msamiati wa ulimi.

Gharama ya pili humpata mtoto anayesema. Kwa kuwa kipimo ni kinywa, yule ambaye kinywa chake hakinyamazi huhesabiwa mzima. Huyu aweza kurudia tangazo zima la redio, akaimba nyimbo za kanisani toka mwanzo hadi mwisho. Lakini akiambiwa, "Weka daftari mezani, kisha uniletee kalamu," huleta kalamu na daftari likabaki mkononi. Akiulizwa kilichotokea shuleni hutaja mtu mmoja na kitu kimoja, na tukio lenyewe lisijulikane. Lugha ikikosa neno la shida yake, hukopa neno la tabia: huitwa mtundu, mkaidi, mvivu, na pengine zuzu. Hapo tatizo la lugha limegeuzwa kuwa kosa la maadili, na dawa yake inakuwa adhabu.

Gharama ya tatu ni ya neno bubu lenyewe. Neno hili humfunika kiziwi, mtoto mwenye hali inayojadiliwa hapa, na yeyote mwingine aliye kimya. Kwa kiziwi ni uongo wa wazi, kwa sababu mwenye Lugha ya Ishara ya Kenya ana lugha kamili, na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka serikali iikuze lugha hiyo. Katiba hiyohiyo, katika Kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Kwa mujibu wa sheria ya nchi, basi, kuhakiki msamiati si anasa ya wasomi.

Mzazi Kama Msimulizi

Walimu wa fasihi simulizi wamefundisha kwamba masimulizi ya mtu wa kawaida yana muundo wake, na kwamba muundo huo hubeba maana. Kanuni hiyo haijatumiwa ipasavyo katika yale ambayo mzazi husimulia mbele ya mpimaji. Mara nyingi masimulizi hayo huanza na wakati wa heri: mtoto alizaliwa mzima, akatambaa, akatembea, akasema "mama". Kisha huja tukio: homa, degedege, kuanguka, kuhama, au kuzaliwa kwa mdogo wake. Baada ya tukio huja kimya, na baada ya kimya huja watu na kauli zao.

Kauli ya kwanza huwa ya faraja. Mama mkwe husema, "Mwanangu, wa kiume huchelewa. Hata baba yake alichelewa." Kauli ya pili, siku zikisonga, huwa swali lenye ncha: "Na huko kwenu, hapakuwa na mtu wa namna hii?" Hapo faraja imekwisha na hukumu imeanza. Methali isemayo kwamba mwana umleavyo ndivyo akuavyo, ambayo kwa kawaida ni wosia mwema, hugeuka mashtaka: kama mtoto hasemi, ni nani hakumsemesha? Mama afanyaye kazi ya zamu kiwandani tayari ana jibu la kujihukumia.

Lipo jambo la lugha linaloufanya mzigo huu uwe mzito zaidi. Katika mitaa kama Makongeni mzazi huitwa kwa jina la mwanawe: Mama Kamau, Baba Mutua. Jina la heshima la mtu mzima limefungwa kwenye jina la mtoto. Neno litakalobandikwa kwa mtoto, kwa hiyo, litambandika na mzazi. Anayekuwa mama wa bubu amepoteza jina lake pamoja na la mwanawe. Kumshangaa mzazi anayeficha hali ya mtoto, au anayekataa kurudi kituoni, bila kuitazama sarufi hii ya heshima, ni kusoma nusu ya matini. Wazee walisema kwamba mficha maradhi kilio kitamfichua. Lakini hawakusema kwamba aliyeyafichua atapewa jina gani.

Upo pia upande wa ushahidi. Mpimaji mwenye haraka huweza kuiona habari ya degedege kuwa ushirikina wa kupuuzwa. Utafiti uliofanywa Kilifi katika miaka ya 2000 ulionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali hubaki na matatizo ya lugha. Thika iko juu, na malaria si adui wake mkubwa. Hata hivyo watu wake husafiri kwenda kwao na kurudi. Mama asemaye, "Alipata degedege tulipokwenda nyumbani, tangu hapo akanyamaza," huenda anatoa historia sahihi ya ugonjwa kwa msamiati wa wazee wake. Huko huko Kilifi, watafiti waliotaka kujua mtoto ana maneno mangapi kwa Kiswahili na Kigiriama waliwahoji wazazi ana kwa ana, wakiwemo wasiojua kusoma, na matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2015 yalithibitisha kuwa mzazi ni shahidi wa kutegemewa akiulizwa vizuri.

Sarufi Ipi Iwe Kipimo?

Hata neno likiwa jema, hukumu yaweza kuwa mbaya ikiwa kipimo ni kibovu. Vipimo vingi vya lugha vimetungwa kwa ajili ya Kiingereza. Kuvitafsiri hakutoshi, kwa maana Kiingereza hakina ngeli, wala hakimtaki mtoto abebe nafsi, njeo na yambwa katika kitenzi kimoja. Lakini hatari iliyo karibu zaidi na wasomaji wa jarida la idara ya lugha ni kukitoa Kiingereza kitini na kukikalisha Kiswahili Sanifu.

Mtoto wa Makongeni akisema "kitabu yangu imepotea", sarufi sanifu itahesabu makosa mawili. Mtaa hautahesabu hata moja, kwani ndivyo wasemavyo mama yake, kondakta na muuza duka. Akisema "taenda kesho" akaidondosha nafsi, huenda amesema sawa na baba yake. Kamil Ud Deen, aliyechunguza watoto wanne waliokuwa wakijifunza Kiswahili Nairobi na kuchapisha kitabu chake mwaka 2005, alionyesha kwamba udondoshaji wa viambishi hivyo ni sehemu ya ukuaji wa kawaida wa mtoto, na kwamba watu wazima wa mji huo nao huidondosha nafsi. Anayempima mtoto bila kuijua lahaja ya nyumba yake atawatia ugonjwani watoto wazima, na katika msongamano huo aliye na shida ya kweli atapotea.

Kutokana na kipimo hicho kibovu huzaliwa shauri baya. Mzazi huambiwa kwamba lugha nyingi zimemchanganya mtoto, hivyo zipunguzwe, ibaki moja. Na mara nyingi inayobaki ni Kiingereza. Shauri hili halina msingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 juu ya watoto wa Kanada wenye tatizo hili, waliosema Kiingereza na Kifaransa, ulionyesha kuwa hawakufanya makosa zaidi ya wenzao wenye tatizo hilohilo waliojua lugha moja tu. Kanuni iliyo salama ni kwamba tatizo la kweli hujitokeza katika lugha zote za mtoto, kwa sura inayolingana na sarufi ya kila lugha. Asiyeelewa hadithi kwa Kiingereza lakini akaielewa kwa Kikamba hana tatizo la lugha. Ana tatizo la shule. Asiyeielewa kwa lugha yoyote ndiye wa kusaidiwa, na wa kumsaidia kwanza ni nyanya yake katika Kikuyu anachokijua vizuri. Mzazi anayetii shauri la kukata lugha humnyima mtoto msemeshaji wake aliye bora, kama vile aliyetii shauri la kukata ukano.

Majina Yanayoshindana

Yabaki kupima majina yaliyopo. Ugonjwa wa lugha humwahidi mzazi dawa na siku ya kupona, ahadi isiyoweza kutimizwa. Kasoro ya lugha humfanya mtoto awe chombo kilichovunjika kiwandani. Kuchelewa kusema ni jina laini, na kwa mtoto mdogo sana laweza kuwa sahihi. Lakini anayechelewa hutarajiwa kufika, na mzazi huendelea kungoja kituoni basi ambalo halitakuja. Ulemavu wa lugha ni jina lenye faida ya kisheria, kwa sababu hufungua milango ya haki na msaada. Lakini kwa mtoto wa miaka mitatu ni hukumu iliyotangulia ushahidi. Tatizo la lugha, ambalo makala haya yamelitumia, halidunishi mtu, ila ni pana mno: hata mgeni asiyejua Kiswahili ana tatizo la lugha.

Jina moja lastahili kufikiriwa zaidi, nalo limo tayari vinywani mwa watu. Wasemao ulimi mzito wameshaupata ukweli nusu: wameona kwamba mtoto anabeba, wala hakatai. Kosa lao ni mahali pa mzigo tu. Uzito ukihamishwa kutoka ulimi kwenda lugha, lapatikana jina uzito wa lugha, ambalo mzazi atalielewa bila kamusi. Halileti ahadi ya dawa, halimhukumu mlezi, wala halimkatii mtoto tamaa, maana uzito huweza kupungua ukipata wa kusaidia kubeba. Dosari yake haifichiki: Kiswahili husema pia mzito wa akili, na wenye kejeli wataliburuta huko. Hiyo ni hoja ya kulijaribu jina hilo kwa wazazi wenyewe kabla ya kulitia katika orodha za istilahi. Neno usonji limeenea kwa sababu wazazi walilihitaji na wakalitumia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba katika safari ya mzazi toka wasiwasi hadi utambuzi, lugha yenyewe ni mhusika: huelekeza mkono kwenye ulimi, humwita mtoto mkaidi, humvua mama jina, na hupima mtaa kwa sarufi isiyo ya mtaa. Kati ya mambo hayo hakuna hata moja litakaloondolewa na daktari peke yake. Yanahitaji mtu ajuaye ngeli za Kikuyu na Kikamba, ajuaye Kiswahili kinavyosemwa katika ploti, na awezaye kueleza yote hayo kwa mama aliyetoka zamu ya usiku. Ujuzi huo uko katika idara za lugha za Kiafrika, na mwanafunzi anayeandika tasnifu ya kumi juu ya fonolojia ya lahaja angeweza kuandika ya kwanza juu ya Kiswahili cha watoto wa Thika.

Hadi hapo istilahi zitakapoafikiwa, sentensi ya kawaida hushinda jina la kigeni. Mpimaji akishahakikisha mambo yake, aweza kumwambia mzazi kwa lugha waijuayo wote wawili: mtoto wako anasikia, anafahamu mengi, lugha ndiyo inayomlemea, hukumsababishia wewe, msemeshe kwa lugha yako. Mzazi atokaye mlangoni na maneno hayo ana la kumjibu mama mkwe, na ana la kufanya jioni hiyohiyo. Akitoka na neno bubu, au na ripoti ya Kiingereza iliyokunjwa mfukoni, atabaki pale alipokuwa, na mtoto naye pamoja naye.